Rimu mpya kwenye Prado 150: shajara ya taa ya upepo

Gari: Toyota Land Cruiser Prado 150 la mwaka 2016, dizeli ya lita 2.8, limeagizwa kutoka Uingereza. Mahali: gereji, Dar es Salaam. Zinazotoka: rimu za kiwandani za inchi 17 na matairi 265/65R17. Zinazoingia: rimu za dukani za 17x8 na matairi ya A/T (ya lami na ya vumbi) 265/70R17. Lengo: taa ya upepo (ile ya dashibodi inayoonya tairi likipungua upepo) izime kwa sababu inayaona matairi yote manne, siyo kwa sababu kuna mtu kaizima.

Siku ya 1: kuisoma taa kabla ya kushika spana

Swichi imewashwa, injini bado, taa ikatazamwa kwa dakika mbili kamili. Iliwaka sekunde chache ikazima. Kwa hiyo mfumo wa kufuatilia upepo ulikuwa mzima na rimu za zamani, na hilo limeandikwa kwenye kadi ya kazi, mwenye gari akatia sahihi. Bila maandishi hayo, sensa (kile kifaa kinachopima upepo ndani ya tairi) iliyokufa miaka miwili iliyopita itahesabiwa kuwa imeuawa na fundi wa leo.

Taa hii husema mambo mawili tofauti, na wengi huyachanganya. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, kuna tairi limepungua upepo: chukua geji. Ikipepesa kwa muda wa kama dakika moja halafu ikabaki imewaka, mfumo wenyewe una hitilafu, yaani kompyuta haiisikii sensa moja au zaidi. Kujaza upepo kwa taa inayopepesa ni kazi bure, lakini ndicho kitu cha kwanza kinachofanyika kwenye kila kituo cha mafuta.

Swali linalofuata ni aina ya mfumo. Ulaya iliufanya kuwa lazima kwa aina mpya za magari kuanzia Novemba 1, 2012, na kwa kila gari jipya dogo la abiria kuanzia Novemba 1, 2014, kwa hiyo gari la Uingereza la 2016 lazima liwe nao. Japani haikuwa na sharti hilo, ndiyo maana magari mengi yanayoshuka bandarini kutoka huko hayana mfumo wowote, na mwenye nalo anaweza kubadili rimu kila wiki asione taa.

Magari yenye mfumo nayo si sawa. Kuna yanayokisia: kompyuta inatumia sensa za ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) kulinganisha mizunguko ya magurudumu, na tairi lililopungua upepo huzunguka haraka zaidi ya wenzake kwa sababu kimo chake kimeshuka. Humo hakuna kitu ndani ya rimu. Ukifunga rimu mpya, unaweka upepo sawasawa, unabonyeza kitufe cha kuanza upya, unaendesha, kazi imekwisha. Mitego yake ni kuchanganya matairi mapya na yaliyolika, au mbele saizi moja na nyuma nyingine bila kubonyeza kitufe. Na kuna yanayopima kweli, kama Prado hili: ndani ya kila rimu kuna sensa yenye betri, redio na namba yake ya utambulisho. Maelezo yote ya chini yanahusu aina hii ya pili.

Sensa nne zimesomwa zikiwa bado kwenye matairi, kwa kifaa kinachoziamsha kwa mawimbi ya kHz 125 kikiwa kimesogezwa karibu na valvu. Kila moja ilitoa namba yake, shinikizo, joto na hali ya betri. Tatu betri zake nzuri, moja (nyuma kushoto) imeandika betri dhaifu. Namba nne zimenakiliwa kwenye karatasi pamoja na nafasi ya kila gurudumu, kisha zikalinganishwa na zilizomo kwenye kompyuta ya gari kupitia soketi ya OBD, ile ya kuchomekea kompyuta ya uchunguzi. Zimelingana.

Siku ya 2: sensa zipi ziingie

Njia zilikuwa tatu. Kuhamisha sensa za zamani ndiyo rahisi, lakini betri ya sensa imefungiwa ndani ya plastiki na haibadilishwi. Maisha yake ni kati ya miaka 5 na 10, na hizi zimeshafika huko. Kuzihamisha ni kulipia kuvua matairi leo na kulipia tena mwaka kesho. Njia ya pili ni sensa tupu za kuandikika, kisha kuzipa namba zilezile za zamani, ili kompyuta isijue kama kuna kilichobadilika. Inafaa sana kwa mwenye seti mbili anazobadilishana. Hapa imekataliwa kwa sababu moja: rimu za zamani zitahifadhiwa bandani, hatua tatu kutoka gari linapolala. Sensa nyingine hurusha habari hata gurudumu likiwa limesimama, na namba moja ikitoka sehemu mbili, kompyuta itasoma upepo wa tairi lililolala bandani na kukuhakikishia kwamba la barabarani ni zima.

Ikachaguliwa njia ya tatu: sensa mpya zenye namba mpya, ziandikishwe kwenye kompyuta.

Masafa ya redio ya sensa ndiyo kosa linalokula pesa nyingi kuliko yote. Magari ya Ulaya hutumia MHz 433.92, mengi ya Marekani na ya Japani MHz 315. Sensa zenyewe kwa umbo zinafanana kama mapacha, na za Toyota zote mbili zina namba ya kipuri inayoanza na 42607, kwa hiyo muuzaji akikwambia "ni ya Prado" hajakwambia kitu. Soma maandishi madogo kwenye mwili wa sensa, kisha iamshe kwa kifaa uone inajibu kwa masafa gani. Katika nne zilizoletwa, moja ilikuwa ya 315. Pakiti nne zenye rangi moja, kibandiko kimoja, na ndani mgeni mmoja. Imerudishwa siku hiyohiyo ikiwa safi. Ingegundulika baada ya kufunga tairi, duka lisingeipokea.

Siku ya 3: rimu na tundu la valvu

Tundu la valvu kwenye rimu mpya limepimwa kwa kalipa: mm 11.3, kipimo cha kawaida. Rimu zenye tundu kubwa la mm 15.7, zinazotokana na magari ya mizigo, hazishiki sensa hizi bila kikopo cha kupunguzia, na kikopo hicho ni mlango mwingine wa upepo kuvujia.

Kipimo cha pili ni nafasi ya mwili wa sensa ndani ya rimu. Sensa imepachikwa kwa mkono bila kukazwa, ikatazamwa kwa ubavu. Haitakiwi kupanda juu ya kijituta ambacho ukingo wa tairi hukaa kando yake, la sivyo ukingo utaiponda tairi linapoingia. Wala haitakiwi kulalia chuma kwa nguvu, kwa sababu shina la valvu litapinda litakapokazwa. Rimu hizi zina bonde refu katikati na ukuta wa valvu umelala kidogo. Mwili umebaki juu ya chuma kwa kama mm 2, umetulia. Sawa.

Mkazo wa nati ya shina: Nm (nyutoni-mita) 4. Hii ni nguvu ya vidole viwili kwenye spana fupi, na hapo ndipo mafundi wenye mikono mizito wanapokata shina la alumini. Spana yenye kipimo ndiyo iliyotumika. Raba, washa na nati vyote vipya. Raba iliyokwisha kubanwa mara moja hairudishwi.

Jambo la Pwani: kijisindano cha ndani ya valvu kiwe cha rangi ya fedha, yaani kimepakwa nikeli. Kile cha shaba ya njano tulichozoea kwenye valvu za mpira kikikaa ndani ya shina la alumini, na chumvi ya hewa ya bahari ikaingia, metali hizo mbili huanza kulana. Baada ya mwaka mmoja au miwili kijisindano hakitoki. Ukikilazimisha, kinatoka na shina lake. Kifuniko nacho ni vilevile: cha plastiki chenye kiraba ndani. Vifuniko vya chuma vya urembo vinavyouzwa kwenye taa za kuongozea magari vimeshaua sensa nyingi za thamani mara mia yao.

Mengine ya rimu, kwa kifupi. Boliti sita kwenye duara la mm 139.7, tundu la habu la Prado mm 106.1. Rimu zimekuja na tundu pana zaidi, kwa hiyo pete za kati zimewekwa ili usukani usitetemeke. Nati za kiwandani za rimu za alumini zina washa bapa. Rimu hizi zinataka nati za koni ya digrii 60, M12x1.5. Nati bapa kwenye kiti cha koni hushika kwa ncha tu, na hujilegeza.

Siku ya 4: kuvalisha matairi

Sensa nyingi hufia hapa, kwa hiyo fundi wa mashine ameelezwa kabla ya kuanza. Tairi lenye sensa likihitaji kuvuliwa, nukta ya chaki huwekwa ubavuni palipo na valvu. Wakati wa kuvua, kisu cha kubandua ukingo hakigusi karibu na valvu. Huanzia upande wa pili wa gurudumu, kisha robo kila upande. Wakati wa kuvalisha, kichwa cha mashine kikiwa kwenye namba 12 ya uso wa saa, valvu huanza kwenye namba 7. Namba 7 ya kioo cha saa, jamani, si saa saba yetu, maana kwa kosa hilo sensa imeingia palepale ukingo unapovutwa kwa nguvu.

Mafuta ya kuvalishia yamepakwa kwenye ukingo wa tairi peke yake. Yakimwagika ndani huziba kijitundu cha sensa, na sensa hubaki ikisoma upepo wa siku ile milele.

Baada ya kujaza na ukingo kukaa mahali pake, nati ya shina imekaguliwa tena. Mbili kati ya nne zilikuwa zimelegea kidogo, kwa sababu raba hujikunja upepo unapoisukuma kutoka ndani. Zimerudishwa kwenye Nm 4, kisha maji ya sabuni. Hakuna povu. Balansi imefanyika kama kawaida. Sensa ina uzito wa gramu 30 hadi 40, mashine inauona na kuufidia. Nati za magurudumu zimekazwa kwa nyota hadi Nm 112, na zitakazwa tena baada ya kilomita 100.

Siku ya 5: kuandikisha

Kosa namba moja kwa Toyota ni kudhani kitufe cha SET kilicho chini ya usukani kinatambulisha sensa mpya. Hakitambulishi. SET inaiambia kompyuta "upepo uliopo sasa ndio sahihi, pima kutokea hapa". Kujua ni sensa zipi za kusikilizwa ni suala jingine, linaloingizwa kwa kompyuta ya uchunguzi kupitia OBD. Mtu anaweza kubonyeza SET hadi kidole kiote sugu na taa ikaendelea kupepesa. Na gari hili lina nafasi ya seti moja tu ya namba. Baadhi ya Toyota na Lexus zina sehemu ya seti ya pili, hili halina.

Namba nne mpya zimeingizwa zote kwa mkupuo mmoja. Kuandika moja tu na kuacha tatu hakukubaliki. Jaribio la kwanza: taa ikapepesa. Kwenye orodha ya shinikizo, magurudumu matatu yalionyesha upepo na la nne lilikuwa tupu. Sensa yenyewe ikiamshwa kwa kifaa inajibu vizuri, kwa hiyo tatizo si redio. Namba imelinganishwa na ile ya kwenye sensa: palipotakiwa B pameandikwa 8. Namba hizi hutumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F pekee, na kwenye maandishi madogo ya plastiki B na 8, D na 0, hazitofautiani. Dawa ni kutoandika kwa kutazama. Chukua namba kutoka kwenye kifaa kilichoiamsha sensa, au piga picha ukuze kabla tairi halijavalishwa. Tairi likishaingia, ile karatasi ndiyo macho yako.

Baada ya kusahihisha, uthibitisho umefanyika gurudumu kwa gurudumu: kutoa upepo haraka, kPa 40 (psi 6 hivi) ndani ya sekunde 30. Mshuko wa ghafla kiasi hicho huilazimisha sensa kurusha habari papo hapo. Kila gurudumu limejitokeza kwenye skrini. Ndipo upepo ukarudishwa.

SET imekuja mwisho kabisa. Matairi yamepoa tangu usiku, yote manne kPa 220 (psi 32) kwa geji moja, swichi imewashwa, kitufe kimeshikwa hadi taa ikapepesa polepole mara tatu. Swichi imeachwa imewashwa dakika kadhaa kabla ya kuizima.

Kiasi hicho kimetoka wapi: matairi mapya ni ya aina ya kawaida, kiwango cha mzigo 115, juu ya 112 ya zamani, hivyo hayahitaji upepo mkubwa kubeba gari lilelile. Angekuwa mtu kachukua matairi ya LT yenye ubavu wa lori, upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango usingetosha na hesabu ingebadilika, pamoja na SET. Kipenyo kimepanda kutoka kama mm 776 hadi mm 803, asilimia 3.4; spidomita ikisoma 100, gari linakwenda takriban 103 ikilinganishwa na matairi ya zamani. Mfumo wa sensa haujali kipenyo hata kidogo.

Onyo moja kuhusu SET: isibonyezwe matairi yakiwa ya moto baada ya safari, wala yakiwa yamepunguzwa upepo kwa ajili ya mchanga. Kompyuta itachukua psi 20 kuwa ndiyo hali njema na itanyamaza tairi likielekea kwenye rimu.

Safari ya majaribio: Dar hadi Mbeya

Asubuhi ya pili Mbeya, nyuzi joto 14, taa imewaka moja kwa moja. Geji kwenye tairi la nyuma kulia inasoma kPa 193, yaani psi 28. Psi 28 si upepo wa kuwashia taa. Kwa kPa 220, taa inatarajiwa kwenye takriban 176, pungufu ya asilimia 20. Nani mwongo?

Hakuna. Geji hupima tofauti ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Sensa iko ndani ya tairi, hewa ya nje haiigusi. Sensa nyingi hupima shinikizo lote kisha hutoa hewa ya usawa wa bahari, kPa 101, popote gari lilipo. Mbeya, kama mita 1,700 juu, hewa ya nje ni takriban kPa 82. Hesabu ya tairi lile: Dar, kwa nyuzi 30, lilikuwa limeshapungua hadi 190, jumla na hewa ya nje 291. Kwa baridi ya nyuzi 14 jumla inashuka hadi 276. Geji inatoa 82, inapata 193 na kitu. Sensa inatoa 101, inapata 175. Taa inawaka.

Kwa hiyo kuna mambo mawili. Kwanza, tairi limepoteza upepo kweli, kutoka 220 hadi 190, kabla ya safari. Pili, mwinuko na baridi vimeongeza tofauti ambayo geji ya kituo cha mafuta haiwezi kuionyesha. Anayepanda kutoka Pwani kwenda Mbeya, Njombe au Arusha ategemee sensa isome chini ya geji kwa psi 2 hadi 3, na hiyo si dalili ya ubovu.

Uvujaji wenyewe: maji ya sabuni yameonyesha povu kwenye ukingo wa tairi, si kwenye shina. Kipande cha rangi ya rimu kilikuwa kimebanduka. Hapa ndipo hatari nyingine ya barabarani ilipojitokeza: kijana wa pancha alikuwa ameshashika tyubu mkononi. Tyubu ndani ya tairi lenye sensa haiwezekani. Inaikandamiza sensa, na valvu ya tyubu inataka tundu lilelile. Dawa za maji za kuziba pancha nazo huziba kijitundu cha sensa. Tairi limevuliwa kwa mashine, si kwa pande la chuma, ukingo wa rimu ukapigwa msasa laini, likarudishwa. SET haikubonyezwa, kwa sababu upepo unaotakiwa haujabadilika.

Baada ya kurudi

Nati za magurudumu zimekazwa tena, mbili zimesogea robo. Taa imezima.

Siku moja ilipepesa mjini ikaacha. Imefuatiliwa hadi kwenye chaja ya simu ya bei rahisi iliyochomekwa kwenye soketi ya volti 12. Ikichomolewa, magurudumu yote manne yanaonekana. Chaja na taa za LED zisizo na kichujio hupiga kelele kwenye masafa ya redio, na sensa yenye betri ndogo haishindani nazo.

Mwenye gari ameuliza kuhusu ule ujanja wa kufungia sensa nne za zamani ndani ya bomba la PVC lenye upepo na kulitupia buti. Unafanya kazi: taa inazima, na itabaki imezima hata tairi likiwa limelala chini. Haukufanywa.

Linalobaki: tairi la akiba bado lina rimu ya zamani ya 265/65R17 na halimo kwenye kompyuta. Likifungwa njiani, taa itapepesa baada ya kilomita chache, na tofauti ya kipenyo cha mm 27 kwenye gari lenye diferensho ya kati (inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) inaruhusu mwendo wa kufika kwa fundi tu. Rimu ya tano na sensa ya tano, MHz 433.92, vimeagizwa.